Mlango wa Godauni na Bwana Asiye na Kura

Aliyeufunga mlango ni msimamizi wetu. Naanza na hilo kwa sababu kila nikianza kwengine watu hunikatiza kabla sijafika. Aliufunga kwa nje, kwa kufuli, adhuhuri inakaribia, na ufunguo akautia mfuko wa shati akaenda zake kula. Aliyemwamuru ni mwenye godauni. Walisema wanawake tukitoka kwenda kusali hatukumbuki kurudi. Basi tukafungiwa kama mbuzi, ili sala zetu zisiwacheleweshee magunia.

Majina sitayataja humu. Nimeyataja kwengine, na mkifika mwisho mtajua ni wapi.

Godauni lenyewe lilikuwa Mbaraki, upande wa bandarini. Kazi yetu kuchambua choroko na kunde, tumekaa juu ya magunia matupu, uteo mapajani, tukipepeta na kusengenyana kutwa. Mdogo wangu, kitinda mimba wa mama yetu, ndiye niliyemtafutia kazi ile. Hilo nalo nalisema mapema. Siku ile moto ulianzia kwenye waya nyuma ya mashine ya kushonea magunia. Yeye alikuwa karibu na mlango, akakimbilia mlango. Mimi nilikuwa karibu na chumba cha mizani, nikakimbilia kidirisha chake, ambacho nondo zake zilikuwa zimeoza kwa kutu. Akili haikuwa na kazi hapo. Kila mtu alikimbilia kilicho karibu.

Nilipoanguka nje nilizunguka mbio hadi mbele. Kufuli lilikuwa likining'inia. Nililishika kwa kiganja cha kushoto nikalivuta, na lilikuwa limepata moto kama jiwe la jikoni. Msimamizi alikuja mbio baadaye, mkono wa wali haujakauka, akafungua. Wanawake watatu walikuwa nyuma ya mlango. Mdogo wangu alikuwa wa mbele.

Kabla watu wa ukaguzi hawajafika, kufuli lilikuwa halipo tena. Wao wakaandika kwamba mlango ulikwama kwa joto. Ulikwama! Mlango ambao mwenye ufunguo aliufungua kwa mkono mmoja.

Tangu siku hiyo sikutaka kitu chengine duniani ila neno hilo lifutwe, na mahali pake paandikwe kwamba mlango ulifungwa, na aliyeufunga ni nani. Watu wakinipa pole nikiwaambia hivyo huniangalia kama nimerukwa na akili. "Shukuru wewe uko hai," wasema. Nashukuru. Vidole viwili vya mkono wa kushoto vimegandana, sipepeti tena, nauza viazi karai kwenye mlango wa nyumba hapa Mji wa Kale. Na kila asubuhi nikifungua dirisha, mbele yangu ni dirisha la mamake msimamizi. Ndiyo, msimamizi ni jirani. Nilisoma naye chuo cha Kurani, tukiimba alifu na kijiti kimoja. Yeye ndiye aliyenipa ile kazi, nami nikamtia mdogo wangu.

Aliyetuonyesha njia ya Bunge ni binti wa nyumba ya pili, asomaye chuo kule Buxton. Alinambia mtu yeyote aweza kuandikia Bunge ombi, hata muuza viazi. Akaliandika, nikatia saini, likaenda. Nilidhani limetupwa. Baada ya miezi simu ikalia: kamati ya Bunge itakaa hapa hapa kisiwani kusikiza watu, na Mwanasheria Mkuu wa Serikali ameitwa naye, aje awaeleze wabunge sheria yasemaje.

Hapo ndipo mjomba wangu alipoingia, na mimi nilimfungulia mlango mwenyewe.

Mjomba ameuza kanga Biashara Street umri wake wote. Lakini kazi inayomjulisha mtaani ni ushenga. Nusu ya ndoa za upande wetu zimepita mdomoni mwake. Kwetu, ukiwa na haja kubwa kwa mtu mkubwa, huendi ukaibwaga. Wapeleka mshenga. Yeye huvaa joho, huanza mbali, huwasifu wenyeji na wazee wao, na haja yenyewe huiacha mwisho, imefunikwa kama sahani ya futari. Mwenye haja hukaa kimya, atizama chini. Ndivyo nilivyolelewa na sikuona kasoro.

Mjomba aliposikia Mwanasheria Mkuu yuaja, alipiga paja.

"Basi hilo limekwisha! Huyo ndiye mwenye neno. Zamani nikisikiza Bunge redioni, mbunge akiuliza jambo zito, husimama Mwanasheria Mkuu. Na akisimama yeye, wote kimya. Tutakwenda kwake yeye."

Yule binti alikuwa amekuja kununua viazi. "Mjomba, hiyo ilikuwa katiba ya kale," akasema. "Na hata wakati huo alikaa ndani akasema tu, kura hakuwa nayo. Katiba ya sasa imemtoa kabisa, si mbunge. Akiitwa huja, akiulizwa hujibu. Wenye kura ni wale wabunge. Zungumzeni na wao."

"Weye umezaliwa juzi."

"Nimezaliwa juzi, lakini nimesoma."

"Mtu asemaye wote wakanyamaza, kura yataka kumfanyia nini? Nipe viazi vyangu, na ukwaju utie mwingi."

Nilicheka. Wallahi nilicheka, nikamtilia mjomba ukwaju mwingi.

Kuna jambo jengine alilonambia tukiwa wawili, na hilo sikulicheka. Alisema nikimtaja mwenye godauni hadharani atanishitaki kwa kumharibia jina, na watauza hata karai langu. Niliogopa. Basi nikakubali kwamba atakayesema ni yeye, na mimi nitakaa nyuma yake.

Siku ilipofika mjomba alivaa joho la harusi, kofia ya viua ya kutoa macho, bakora mkononi. Alibeba deli, lile birika la kahawa, na sinia ya haluwa iliyofunikwa kitambaa. Askari wa mlangoni akamsimamisha.

"Mzee, hiyo ni nini?"

"Kahawa ya wageni."

"Haingii."

"Haingiije? Wageni wametoka Nairobi, wakae kinywa kikavu?"

"Wana maji yao ya chupa, mzee."

"Maji ya chupa! Na haluwa?"

Askari akafunua kitambaa, akatazama, akameza mate. Haluwa ikapita. Deli ikabaki nje, nami nikaingia na aibu, buibui nimelivuta mpaka limefunika mkono wa kushoto wote.

Ukumbi ulikuwa na meza ndefu. Wabunge walikaa upande mmoja, katikati yao mwenyekiti, mama mmoja mwenye miwani. Mwanasheria Mkuu alikuwa pembeni, kwenye meza ndogo peke yake, mbali nao, mafaili mbele yake na kibao cha wadhifa wake. Meza ile ndogo yenyewe ilitosha kumfundisha mjomba, lau angekuwa mtu wa kufundishika. Safu ya nyuma yetu alikaa msimamizi na tai shingoni. Tuliamkiana. Eti aliniuliza, "Hujambo dada? Mama akusalimu." Nikamjibu sijambo. Midomo yetu imezoea.

Mjomba alipoitwa, kitu cha kwanza alichofanya ni kukishika kiti chake na kukigeuza. Alikigeuza kikatazama ile meza ndogo. Wabunge wote, wenye kura zote, wakaona mgongo wake.

"Mzee," mwenyekiti akasema, "elekea huku."

"Naelekea penye sheria, mama."

Watu wakacheka. Mwenyekiti hakucheka. Mwanasheria Mkuu akawasha kipaza sauti chake.

"Mzee wangu, shikamoo. Mimi hapa ni mgeni kama wewe. Nimealikwa na kamati. Wakiniuliza nawajibu, nikiwa na la kushauri naomba ruhusa nashauri. Lakini mwisho wakipiga kura mimi sinyanyui mkono, wala Bungeni sina kiti. Wenye shauri ni hao uliowapa mgongo."

"Marahaba, bwana mkubwa," mjomba akasema, na uso ukamng'aa kama aliyeitikiwa posa. "Ndiyo adabu ya wakubwa, kujishusha."

Kiti hakukigeuza. Akaanza.

Alianza kwa kumshukuru Mungu, akawashukuru waliosafiri. Akaeleza mji wetu ulivyo mji wa heshima. Akamsifu mwenye godauni kwamba ameajiri watu wengi. Kisha akageuka kidogo akanyoosha bakora kwa msimamizi.

"Na huyu kijana ni wetu. Tumemlea. Babake alikuwa rafiki yangu, Mungu amrehemu. Hatukuja hapa kumnyooshea mtu kidole. Yametokea ya kutokea. Tumekuja kwa mapenzi, kuomba tutizamwe."

Mwenyekiti alifungua karatasi. "Mzee, ombi lenu lasema mlango ulifungwa kwa kufuli kwa nje. Ni nani aliyeona?"

Mjomba akatabasamu. "Hilo ombi, mama, limeandikwa na watoto. Watoto hukaza maneno."

Alisema hivyo. Mbele yangu, mimi niliyelitia saini. Mbunge mmoja akaandika kitu, akafunga kalamu. Niliisikia ile kalamu ikifungwa.

Tena aliyeomba kusema ni yule wa meza ndogo. Namwandika kama alivyokuwa, sina sababu ya kumpamba. "Mwenyekiti, kwa ruhusa yako. Mimi si mwanakamati na sina haki ya kumhoji shahidi. Ila naona aliyetia saini ombi yupo. Naweza kushauri kamati imuulize mwenyewe. Na aelezwe kwamba lolote atakaloieleza kamati hapa, kwa ukweli, hawezi kushitakiwa kwalo. Sheria yamkinga."

Mwenyekiti akanitazama. "Umesikia, mama? Una haki ya kusema. Uliuona mlango?"

Basi hofu ya mahakama ikaondolewa hapo hapo, mbele ya watu. Karai langu lilikuwa salama. Sikubaki na kisingizio hata kimoja, na kiganja changu kina kovu la kufuli lile, mstari wa upindo wake umejichora chini ya vidole. Nisingehitaji hata kusema. Ningeutoa mkono ndani ya buibui nikaunyanyua tu.

Mjomba aliiweka bakora yake juu ya mguu wangu. Hakuibana, aliiweka tu. Nyuma nikamsikia msimamizi akikohoa, kikohozi nikijuacho tangu chuoni, alikuwa akikohoa hivyo akisahau sura. Nikamfikiria mamake dirishani. Nikafikiria sahani ngapi zimevuka kichochoro kile, kwenda na kurudi.

"Mjomba ashasema," nikajibu.

Maneno hayo ndiyo yangu yaliyoingia katika kumbukumbu za kamati. Mawili. Mdogo wangu alipiga mlango kwa viganja vyote, na mimi nilipofunguliwa wangu, nikasema mjomba ashasema.

Nje nilimkuta askari akinywa kahawa yetu. Mjomba alikuwa na furaha.

"Umeona alivyoniamkia? Mtu mzima na cheo chake! Jambo letu limekaa vizuri."

"Mjomba, umesema ombi ni la watoto."

"Nimekufunika, mwanangu."

"Umemfunika yeye."

"Na wewe kesho wataka kuishi wapi? Mamake yuko dirisha kwa dirisha nawe. Ukiugua usiku nani atakuletea uji, hao wabunge?"

"Mdogo wangu aliungua, mjomba."

"Nalijua hilo. Nilimvisha mumewe kofia ya harusi kwa mikono yangu." Akakiweka sawa kitambaa cha haluwa. "Maiti hana jirani. Wewe unao."

Sijamsamehe kwa neno hilo. Labda alilisema kwa huruma. Sijali alilisema kwa nini.

Mwanasheria Mkuu alitoka akielekea garini. Mjomba akamkimbilia na sinia ya haluwa. Yule bwana akarudisha mikono nyuma kama sinia ina moto. "Ahsante mzee, lakini zawadi sipokei." Mjomba akabaki ameshika sinia, joho limemteleza bega moja, na hapo kwa mara ya kwanza nilimwona mzee. Nikapita mbele yake.

"Bwana," nikamwambia, na sauti ilitoka kama ya kuku, "nilikuwa na la kusema sikulisema."

Hakusimama sana. "Liandike, mama. Kamati hupokea maandishi mpaka itakapokaa kuamua."

"Nikuletee wewe uwapelekee?"

"Siwezi. Kuweka karatasi mezani ni haki ya mbunge, na mimi si mbunge. Mpe karani wa kamati mkononi, akupigie muhuri." Akanitazama mkono, kwa kuwa buibui lilikuwa limefunguka. Akaingia garini. Gari likaenda.

Niliandika siku nne. Nimeishia darasa la nne, na herufi zangu zasimama kila moja na lake. Yule binti alitaka kuniandikia, nikakataa, nikamwambia safari hii hakuna mshenga. Nikaandika aliyefunga, jina lake na la babake. Nikaandika aliyeamuru. Nikaandika aliyewaambia wabunge kwamba maneno yangu ni ya watoto, na undugu wangu naye. Mwisho nikaandika jina langu, kwamba niliulizwa nikanyamaza. Nikampelekea karani kabla hawajaondoka kisiwani, akapiga muhuri, akanipa nakala. Hakuisoma mbele yangu, na mimi sikumwomba aisome.

Ripoti ilipotoka binti alinisomea kwenye simu yake, tumekaa kizingitini, mafuta ya viazi yakipoa. Alisoma taratibu, akinitizama. Wabunge walipiga kura. Walikubaliana kwamba shahidi aliyehudhuria hakuthibitisha kufungwa kwa mlango, kwa hiyo maneno ya wakaguzi yabaki kama yalivyo. Mlango ulikwama. Na chini yake, mstari mmoja: maandishi yaliyopokelewa baada ya kikao yameambatishwa.

"Yameambatishwa wapi?"

Akatembeza kidole, akatembeza, mpaka mwisho kabisa. Ilikuwa picha ya karatasi yangu, na herufi zangu zilizosimama, na muhuri. Majina ya watu wote wanne yalikuwamo. Halikufutwa hata moja.

"Ndani ya ripoti wamesema mlango ulikwama," binti akasema, "na nyuma ya ripoti hiyo hiyo kuna wewe wasema ulifungwa. Atakayesoma mpaka mwisho ataona."

"Na nani husoma mpaka mwisho?"

Akaizima simu. Msichana wa haki, hapendi kudanganya.

Msimamizi alisoma. Hilo nalijua kwa sababu hanisalimu tena, wala mamake hanisalimii kupitia kwake. Mjomba hajakanyaga kwangu tangu hapo, na nimesikia kwenye ndoa iliyopita alipewa kiti cha mbele akasema vizuri kama kawaida yake. Mwenye godauni amejenga upya. Mlango mpya ni mkubwa zaidi, wanambia.

Ramadhani iliyofuata nilikaanga kaimati nikapeleka sahani kwa mamake msimamizi kama miaka yote, maana yeye hakufunga mlango wowote. Kwetu sahani ya jirani hairudishwi tupu, hata ikiwa ni tende tatu au chumvi. Ilirudi siku ya pili, imewekwa kizingitini pangu. Imeoshwa ikang'aa. Haina kitu.

Niliiokota kwa mkono wa kushoto. Nimeiweka rafuni kama ilivyo, juu ya ile nakala yenye muhuri, na sijaitilia chakula tena.